Kungoja Kabla ya Kusherehekea: Mwongozo wa Kuishi Majilio Nyumbani

Ikifika katikati ya Novemba, Noeli huwa imeshaanza katika barabara za Mwanza. Kuanzia Makoroboi hadi Mlango Mmoja wachuuzi hutundika magauni na suti za watoto, nyimbo za Noeli hupigwa madukani, mafundi cherehani huanza kukataa kazi mpya, na vikoba vinavyovunjwa mwisho wa mwaka huwapa akina mama fedha walizokuwa wakizingoja tangu Januari. Hakuna ubaya katika hayo, kwa sababu sikukuu isiyoandaliwa haiheshimiwi. Ninachokiona mwaka hadi mwaka, katika nyumba yangu na katika jumuiya yetu ndogo ndogo, ni kwamba tunaisherehekea Noeli kabla haijafika, na inapofika inatukuta tumechoka, tunadaiwa, na hatuna hamu tena ya kuimba. Mwaka mmoja nilifika kwenye misa ya mkesha nikitoka moja kwa moja jikoni, nikasinzia tangu somo la kwanza. Nilipozinduka, waamini walikuwa wakijipanga kwenda kupokea komunyo, nami sikuweza kukumbuka hata neno moja la Injili. Tangu mwaka ule tulibadilisha utaratibu wa nyumbani, na hatua zilizomo humu ndizo tulizozijaribu na kuziona zinafaa. Ninaandika kama Mkatoliki, lakini Walutheri na Waanglikana nao huadhimisha Majilio, na mengi ya haya watayaona ni ya kwao pia.

Ni vema tuanze na neno lenyewe. Majilio, yaani kipindi cha Dominika nne kabla ya Noeli, maana yake ni kuja, na Kanisa linatualika tutazame kuja kwa namna mbili: Kristo aliyekuja Bethlehemu, na Kristo atakayekuja mwisho wa nyakati. Liturujia imeugawa muda huu vivyo hivyo. Tangu Dominika ya Kwanza hadi tarehe 16 Desemba masomo na sala huelekea zaidi kwenye kurudi kwa Bwana, na tangu tarehe 17 hadi 24 Desemba huelekezwa moja kwa moja kwenye kuzaliwa kwake. Maana yake ni kwamba Kanisa lenyewe halina haraka ya kufika horini. Hata utenzi wa Utukufu hauimbwi katika Dominika hizi nne, ili usiku wa Noeli usikike kama wimbo wa malaika uliokuwa umengojewa. Mpango ninaoupendekeza unafuata mgawanyo huo huo: kazi nzito za maandalizi zifanyike katika sehemu ya kwanza, na siku nane za mwisho zibaki na nafasi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji aliyejaa shughuli hadi dakika ambayo mgeni anabisha hodi hana nafasi ya kuponywa na ujio wake.

Hatua ya kwanza: weka tarehe kwenye kalenda

Dominika ya Kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na Dominika ya Nne ndiyo ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba. Kwa hiyo Majilio huwa na siku 22 yakiwa mafupi na siku 28 yakiwa marefu. Mwaka 2026, kwa mfano, yanaanza tarehe 29 Novemba. Chukua kalenda ya ukutani, tia alama Dominika zote nne, kisha tarehe 9 Desemba ambayo ni sikukuu ya Uhuru na watu wengi hawaendi kazini, kisha tarehe 17 Desemba. Andika pia siku ambayo familia itakwenda kuungama. Jambo lisiloandikwa kwenye kalenda mapema, Desemba huwa linazidiwa na mialiko ya harusi na vikao vya kufunga mwaka.

Hatua ya pili: kaeni jioni moja mpange matumizi

Jioni hiyo wawepo wazazi wote wawili na watoto wanaoweza kuandika, kwa kuwa mtoto aliyeshiriki kupanga hanung'uniki sana anapoambiwa kwamba viatu vya mwaka jana bado vinamtosha. Mpangilio wa orodha ndio wenye uzito. Kwa kawaida tunaandika nguo, nyama, mchele na soda, halafu maskini anapewa kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Ninashauri mstari wa kwanza kabisa uwe wa mtu mmoja au kaya moja mnayoifahamu: mjane wa jumuiya, mzee anayelea wajukuu peke yake, au mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bugando akitokea mbali, ambaye hana ndugu wa kumletea uji. Bugando hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, na siku za sikukuu wapo wasiotembelewa na mtu. Mstari wa pili uwe ada na mahitaji ya shule ya Januari, kwa sababu Noeli inayomfanya mtoto arudishwe nyumbani mwezi unaofuata imemnyima zaidi ya ilivyompa. Nguo na chakula vifuate baada ya hapo.

Kwa ajili ya ule mstari wa kwanza, nunueni kibubu. Kikiwekwa mezani, na kila jioni baada ya sala kikatumbukizwa shilingi 500, Majilio mafupi yatatoa shilingi 11,000 na marefu shilingi 14,000. Si fedha nyingi, lakini zinatosha kumpelekea mtu kitu cha kutia chungu, na jambo la maana zaidi ni kwamba zimekusanywa kwa kujinyima kidogo kila siku. Watoto wetu waliwahi kuamua wenyewe kuacha soda kwa muda wote wa Majilio ili fedha zake ziingie kibubuni. Usiwalazimishe; pendekeza, kisha waache waamue. Kibubu kivunjwe mapema, tarehe 21 au 22, ili anayesaidiwa naye apate muda wa kujiandaa kama watu wengine.

Hatua ya tatu: maliza manunuzi kabla ya tarehe 17

Kitambaa kipelekwe kwa fundi mwezi Novemba. Mchele, mafuta, sukari na viungo vya pilau haviharibiki, basi vinunuliwe tarehe 9 au Jumamosi inayofuata, kabla ya bei kupanda. Wanaochangiana kununua ng'ombe wakabidhi michango yao mapema na wakubaliane nani atachinja na nani atagawa, maana ugomvi wa nyama usiku wa mkesha nimeuona ukiwatenga majirani kwa mwaka mzima. Kitakachobaki kwa siku ya mwisho ni nyama, mboga na, kwa anayependa, sato mbichi kutoka ziwani.

Hatua ya nne: tengeneza shada la Majilio

Shada lenye mishumaa minne limetoka kwa Walutheri wa Ujerumani. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini mjini Hamburg, alitundika gurudumu lenye mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa kwa Dominika, ili watoto waliomuuliza kila siku Noeli imebaki siku ngapi waweze kuhesabu kwa macho yao. Baadaye mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne, na Wakatoliki wakaupokea utamaduni huo. Ninapenda kuwasimulia watoto habari hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba shada halikuanza kama pambo la sebuleni. Lilianza kama jibu kwa watoto waliochoka kungoja.

Hulazimiki kununua lililotengenezwa kiwandani. Chukua ungo au sinia, panga juu yake vikopo au glasi nne, na ujaze mchanga wa ziwani uliokauka ili mishumaa isimame imara. Zungushia matawi mabichi. Matawi ya mvinje hukaa muda mrefu bila kupukutika, ilhali ya mwarobaini yanahitaji kubadilishwa kila wiki, kazi ambayo watoto huipenda. Rangi za kimapokeo ni mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, na huu wa waridi huwashwa Dominika ya Tatu, ambayo huitwa Dominika ya Furaha. Ukikosa mishumaa ya rangi, tumia mieupe na ufunge utepe wa zambarau au wa waridi kwenye kopo, kamwe usiufunge kwenye mshumaa wenyewe. Shada liwe mbali na pazia na chandarua, na mshumaa usiachwe ukiwaka bila mtu mzima chumbani.

Kila Dominika ongeza mshumaa mmoja: wa kwanza, kisha miwili, kisha mitatu, hadi wiki ya nne yote iwake. Zima taa za umeme kabla ya kuwasha mshumaa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huwasha mshumaa chini ya taa kali na runinga ikiwa wazi, halafu wanashangaa kwa nini watoto hawaoni maana yake. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna mwalimu mzuri wa jambo hili. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wengi wao hupumzika, kwa sababu taa zao hazina nguvu mbele ya mwanga wa mwezi na dagaa hawaifuati karabai. Taa zimebadilika, leo nyingi ni za betri na sola, lakini kanuni ni ile ile. Mpeleke mtoto ufukweni usiku mmoja wa giza, aone safu ya taa zile mbali juu ya maji, kisha umwambie kwamba katika kila taa kuna watu wanaokesha. Baada ya hapo hutahitaji maelezo marefu kuhusu Injili ya Dominika ya Kwanza, ambamo Bwana anatuamuru tukeshe kwa kuwa hatuijui siku wala saa.

Hatua ya tano: sala fupi kila jioni

Dakika kumi zinatosha, na ni bora dakika kumi za kila siku kuliko saa nzima ya Dominika peke yake. Washeni mshumaa, mtu mmoja asome kifungu, mnyamaze kidogo, kila mtu aseme ombi moja, mmalize kwa Baba Yetu na Salamu Maria, kisha kibubu kipitishwe. Kwa masomo, fuateni ya misa ya siku hiyo. Ikiwa hamna kitabu cha masomo, someni Isaya kidogo kidogo, hasa sura ya 9, 11, 35 na 40, kwa sababu hakuna nabii mwingine anayesikika sana katika Majilio kama yeye.

Wazazi wenye asili ya vijijini wataona kwamba Majilio yanatukuta katika majira ya kupanda. Wakati sisi wa mjini tunatazama bei za nguo, ndugu zetu wa Misungwi, Magu na Kwimba wako shambani na mahindi na pamba, wakitazama mbingu. Mtume Yakobo, katika somo linalosomwa Dominika ya Tatu ya mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa, anamtaja mkulima anayengojea mazao ya thamani ya nchi na kuvumilia hata mvua ya kwanza na ya mwisho zimnyeshee. Mtoto aliyezaliwa Igoma au Kirumba huenda hajawahi kungoja kitu kiote. Mpe kopo la udongo na punje chache za mahindi Dominika ya Kwanza. Zitaota katika siku chache, na kwa kumwagilia kila jioni kabla ya sala atajifunza kwamba kungoja kuna kazi yake.

Hatua ya sita: kitubio na kupatana

Nenda mapema. Wiki ya mwisho foleni ni ndefu, mapadre wamechoka, nawe utaungama kwa haraka kama mtu anayelipa bili. Wiki ya pili inafaa zaidi, kwa kuwa ndipo Yohane Mbatizaji anapotokea kwenye Injili akitaka njia ya Bwana itengenezwe. Pamoja na kuungama, tafuteni mtu mmoja ambaye hamsalimiani naye. Kama ni mkubwa kwako, usimtumie ujumbe wa simu. Mwendee kwa miguu, ukaribishwe, uketi, ndipo useme lililokuleta. Wanandoa wazungumze pia kuhusu deni au kauli iliyobaki moyoni tangu katikati ya mwaka. Nakiri kwamba hatua hii ndiyo ninayoiahirisha kila mwaka kuliko zote, na ndiyo iliyonipa amani zaidi kila nilipoitimiza.

Hatua ya saba: pango likue polepole

Mapokeo yanamtaja Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa ndiye aliyeandaa pango la kwanza la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, huko Greccio mwaka 1223, akitumia hori, nyasi, na ng'ombe na punda walio hai. Shule zikishafungwa na watoto wapo nyumbani, waachie kazi hii. Watoto wa Kisukuma wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani. Waambie wafinyange pia kondoo, wachungaji, Maria, Yosefu, Mtoto, na mamajusi watatu, wawaanike kivulini wasipasuke.

Msipange vyote siku moja. Wiki ya kwanza kuwe na hori tupu na mifugo. Tarehe 17 Maria na Yosefu waanze safari kutoka chumba cha mbali, wakisogezwa kidogo kila jioni, juu ya kabati, dirishani, mezani, hadi wafike tarehe 24. Mtoto afichwe mahali anapopajua mzazi mmoja tu. Kama mna mti wa Noeli, nao ungoje. Upambwe tarehe 23 au 24, hata kama majirani waliwasha wao tangu Novemba. Watoto watalalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wao ndio watakaomkumbusha mgeni kwamba muda bado.

Hatua ya nane: siku saba za "Ee"

Huu ndio moyo wa Majilio, na ndiyo sababu ya kuharakisha manunuzi. Tangu tarehe 17 hadi 23 Desemba, katika Masifu ya Jioni, Kanisa huimba antifona, yaani viitikio, saba za kale, kila moja ikimwita Kristo kwa jina lake: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Kwa Kilatini, herufi za kwanza za majina hayo, zikisomwa kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, hutoa maneno "Ero cras", yaani "Kesho nitakuwapo". Basi jioni ya tarehe 23, antifona ya mwisho inapoimbwa, jibu linakuwa limekamilika.

Nyumbani, chukueni jina moja kila jioni, mlitamke mara tatu kwa kuitikizana, kisha mliunganishe na mtu halisi. Siku ya Hekima waombeeni vijana wa kidato cha nne wanaongoja matokeo yao. Siku ya Adonai, aliyewatoa watu wake utumwani kwa mkono ulionyoshwa, ombeeni wasichana wa kazi za ndani, na ikiwa mnaye mmoja nyumbani, mlipeni mshahara wake jioni hiyo na mpangeni lini atakwenda kwao. Antifona ya Ufunguo wa Daudi inamsihi Kristo aje kuwatoa wafungwa gerezani, waketio gizani, nasi wa Mwanza hatuna haja ya kutafuta mbali, kwa sababu gereza la Butimba liko hapa hapa mjini. Ombeeni walioko humo na familia zao zitakazokula sikukuu bila wao. Siku ya Mapambazuko, tarehe 21, anayeweza aamke alfajiri atazame mitumbwi ikirudi.

Familia nyingi huwa safarini siku hizo. Anayekwenda Sengerema au Geita sasa anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na ule muda wa kungoja kivuko tuliouzoea miaka mingi umekwisha. Zamani, katika foleni ile ya Kigongo, watu wasiojuana waligawana maji na karanga huku wakitazama ng'ambo. Anayesafiri, awe kwenye basi kutoka Nyegezi au kwenye meli ya Bukoba, aandike antifona hizo kwenye karatasi na awasomee wanawe jioni popote watakapokuwa. Shada linaweza kubaki nyumbani bila hasara yoyote.

Hatua ya tisa: tarehe 24 na siku zinazofuata

Mapishi ya siku hiyo yasimamishwe ifikapo saa tisa alasiri. Wote waoge, walale hata saa moja, wale chakula chepesi, kisha mtu mmoja asome Luka 2:1-14 kabla ya kutoka kwenda misa. Mkirudi, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayemlaza Mtoto horini.

Sherehe sasa zina ruhusa ya kuanza, na hazina haraka ya kwisha. Kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, kwa hiyo mialiko mliyoikataa mwezi mzima ihamishiwe huku: chakula cha jumuiya tarehe 27 au 28, ziara kwa wazee, nyimbo za Noeli kila jioni badala ya antifona. Mamajusi wa udongo bado wako njiani, kwenye dirisha la jikoni au juu ya jokofu, na wasogezwe kidogo kila siku. Kanisa Kuu la Jimbo Kuu la Mwanza, kule Bugando, limewekwa chini ya jina la Epifania, yaani sikukuu ya mamajusi kumfikia Mtoto, na Dominika ya sikukuu hiyo, mwanzoni mwa Januari, ndipo nao wafike pangoni.